Mgonjwa Mmoja, Wazima Elfu: Utangulizi wa Uchambuzi wa Jenomu kwa Magonjwa ya Kurithi

Mililita chache za damu ya mtoto wa Pande zinatosha leo kusoma jenomu yake yote, herufi zipatazo bilioni 3.1 kwa kila nakala, na mashine huimaliza kazi hiyo kwa siku chache. Ugumu huja baadaye. Mtoto huyo, kama binadamu mwingine yeyote, ana tofauti kati ya milioni nne na tano zinazomtenga na jenomu tunayoitumia kuwa rejea, na karibu zote hazina madhara. Huenda moja au mbili tu ndizo zinazomfanya augue. Kuzitafuta hizo mbili ndani ya milioni tano, kisha kumwambia mama yake bila kubabaika kwamba tumeziona, ndiyo kazi ya fani ninayokukaribisha.

Pande ni kata ya pwani kusini mwa Wilaya ya Kilwa, Mkoa wa Lindi, ambako watu huvua, hulima ufuta na mihogo, na hutunza mikorosho na minazi. Visiwa vya Sanje ya Kati na Songo Mnara viko jirani. Mzazi wa huko ambaye mwanawe amevimba vidole, macho yamekuwa ya njano na homa haimwachi, huanzia zahanati. Akipewa rufaa huenda Hospitali ya Kinyonga pale Kilwa Kivinje, au Sokoine mjini Lindi, na mambo yakizidi huvuka daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji akielekea Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Kila ngazi ina daftari lake, na kila daktari huanza kuuliza upya. Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa na watu wanaomfikiria mgonjwa wa Boston au Cambridge, ambaye faili lake limetangulia kwenye kompyuta. Mimi nakuomba uzisome kurasa zinazofuata ukimfikiria mtoto wa Pande, kwa sababu uchambuzi ule ule, ukifanywa kwa kumfikiria yeye, huibua maswali mengine kabisa.

Tuanze na ugonjwa ambao Mtanzania hahitaji kusimuliwa. Selimundu hutokana na herufi moja katika jeni ya HBB, kwenye kromosomu ya 11. Palipopaswa kuwa na A pamekaa T, na himoglobini inayotokana nayo hushikamana na kuikunja chembe nyekundu ya damu iwe na umbo la mundu. James Herrick alizieleza chembe hizo huko Chicago mwaka 1910. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba kasoro iko kwenye himoglobini yenyewe, na miaka michache baadaye Vernon Ingram akabainisha kuwa ni kiungo kimoja tu cha protini hiyo kilichobadilika. Swali la kwa nini ugonjwa mkali namna hii umeenea kiasi hiki lilipatiwa jibu hapa Afrika Mashariki: Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha mwaka 1954 ushahidi kwamba mtu mwenye nakala moja ya badiliko hilo hupata kinga dhidi ya malaria kali. Pwani ya Kilwa na Lindi, ambako malaria imekaa na watu karne kwa karne, imo ndani ya historia hiyo. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu nchini Tanzania kila mwaka.

Hapo niseme jambo ambalo mwanafunzi anayependa mashine huenda asilipende. Kuitambua selimundu hakuhitaji kusoma jenomu. Kipimo kidogo cha tone la damu kinatosha. Kinaweza kufanyika zahanati, na majibu yakatoka mzazi akiwa bado amekaa kwenye benchi. Fedha za kumsomea mtoto mmoja jenomu nzima zingewapima watoto wachanga wengi sana. Kwa hiyo ukiona mradi unaopeleka mashine kubwa mahali ambapo kipimo hicho kidogo hakijafika, uliza.

Jenomu huanza kuhitajika kwenye swali linalofuata. Watoto wawili wana badiliko lile lile, nakala mbili kila mmoja. Huyu analazwa mara kwa mara, yule anamaliza shule akiwa na maumivu ya hapa na pale. Nini kimewatofautisha? Muhimbili, ambako Julie Makani na wenzake walianza mwaka 2004 kuwaandikisha na kuwafuatilia maelfu ya wagonjwa, swali hili limefanyiwa kazi kwa bidii. Sehemu ya jibu ni himoglobini ya mimba, ile anayoitumia mtoto akiwa tumboni. Kwa kawaida huzimwa baada ya kuzaliwa, lakini kwa baadhi ya watu huendelea kutengenezwa na kupunguza makali ya ugonjwa. Mwaka 2014 Siana Nkya na wenzake wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili walipekua jenomu za wagonjwa wa Tanzania na kukuta kwamba tofauti zilizo kwenye jeni ya BCL11A, kromosomu ya 2, na nyingine zilizo karibu na jeni ya MYB, kromosomu ya 6, zinahusiana na kiwango cha himoglobini hiyo. BCL11A ndiyo jeni inayolengwa na tiba ya kuhariri vinasaba iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa mwaka 2023. Damu za wagonjwa wa Dar es Salaam zilikuwa zinaelekeza huko huko.

Sehemu nyingine ya jibu ni talasemia ya alfa, nayo nataka tukae nayo, maana inaonyesha vizuri namna fani hii inavyokosea. Himoglobini ya mtu mzima hujengwa kwa minyororo ya aina mbili. Ule wa alfa hutoka kwenye jeni mbili zilizo jirani katika kromosomu ya 16, HBA1 na HBA2, ambazo zinafanana karibu herufi kwa herufi. Watu wengi wa pwani yetu wamerithi kromosomu iliyopoteza kipande cha herufi 3,700 hivi, ikabaki na jeni moja mahali pa mbili, na upungufu huo nao umewapa unafuu dhidi ya malaria. Mwenye selimundu akiwa nao, chembe zake za damu hazivunjiki haraka sana na hatari ya kiharusi hupungua. Daktari angependa kuujua mapema. Mashine inaweza kuupita bila kuuona.

Mashine nyingi hazisomi jenomu kutoka mwanzo hadi mwisho. Husoma vipande vya herufi 150 hivi, na ukitaka kila mahali pasomwe mara 30 unahitaji vipande zaidi ya milioni 600 kwa mtu mmoja. Aliyewahi kutembea Kilwa Kisiwani akaona vigae vya sahani za China vilivyotapakaa ufukweni ataelewa kinachofuata. Huwezi kuviunga mpaka uwe na sahani nzima ya kulinganishia. Kigae chenye ua linalojirudia ukingoni kote hujui ukiweke upande gani, na kigae cha sahani usiyowahi kuiona hukikosea mahali, ukakiweka kando. Programu za kompyuta hufanya hivyo hivyo. Kipande kinachoweza kukaa HBA1 au HBA2 hupewa alama sifuri ya uhakika, na hatua zinazofuata hukipuuza. Kipande kisicho na pa kukaa kwenye rejea huachwa nje ya hesabu.

Sasa jiulize rejea hiyo imetoka kwa nani. Jenomu rejea inayotumika zaidi duniani ilijengwa kwa damu ya watu wachache, na takriban asilimia 70 yake ni ya mtu mmoja aliyejitolea mjini Buffalo, Marekani. Watafiti waliozisoma jenomu za watu 910 wenye asili ya Afrika walitangaza mwaka 2018 kwamba wamekuta herufi zipatazo milioni 296 ambazo hazimo kwenye rejea hiyo. Mwaka 2023 ilitoka rasimu ya rejea ya namna nyingine, iliyounganisha jenomu za watu 47 wa asili mbalimbali, wakiwemo wengi wenye asili ya Afrika. Maabara nyingi bado hazijaanza kuitumia. Hospitali inayoanza leo haina mizigo ya zamani ya kubeba, na naona hiyo ni sababu nzuri ya kuanza na rejea mpya badala ya kurithi ya zamani pamoja na mapengo yake.

Ualbino unatoa mfano ulio karibu zaidi na nyumbani. Mwaka 1995 Richard Spritz na wenzake, akiwemo daktari wa Tanzania Jeff Luande, walionyesha kwamba kwa Watanzania wengi wenye ualbino chanzo ni kukosekana kwa kipande kimoja cha herufi 2,700 katika jeni ya OCA2. Programu iliyotengenezwa kutafuta herufi zilizobadilika inaweza kupita juu ya pengo hilo na kuandika kwamba hakuna kilichoonekana. Kipimo cha bei nafuu kinachotafuta pengo lenyewe hulikuta mara moja. Mchambuzi anayejua historia ya ugonjwa Tanzania ataanza na pengo. Asiyejua atahangaika na orodha ndefu ya herufi.

Himofilia ni ngumu zaidi. Karibu nusu ya wagonjwa wenye aina kali ya himofilia A hawajapoteza herufi hata moja: sehemu kubwa ya jeni ya F8 imegeuzwa nyuma mbele, na vipande vifupi, kila kimoja peke yake, vinaonekana salama. Jeni hiyo iko kwenye kromosomu X, kwa hiyo mama huibeba, mara nyingi bila kuugua, na mtoto wa kiume ndiye anayetokwa damu isiyokatika. Na huku kusini dalili hiyo ina mahali pake pa kujitokeza, nako ni jandoni. Wamwera, walio wengi katika nchi ya Lindi, tangu zamani wamehesabu ukoo upande wa mama, na bibi anaweza kukutajia kaka zake na kaka za mama yake bila kusita. Muulize: kuna mjomba aliyetokwa damu siku nyingi baada ya kutahiriwa? Kuna aliyefariki jandoni? Akijibu ndiyo, na mtoto aliye mbele yako ana magoti yaliyovimba damu, utajua uitafute F8 iliyogeuka hata kama ripoti ya mashine imesema hakuna kitu. Swali hilo la dakika tano lina thamani kuliko kuongeza usomaji kutoka mara 30 hadi mara 60. Nalisema kwa uzito wote, kwa sababu nimeona vijana wenye akili sana wakijifunza kuendesha programu kabla ya kujifunza kuchora mti wa ukoo.

Chukulia basi kwamba vipande vimekaa mahali pake na tofauti zimeorodheshwa. Inabaki hukumu. Kwa kanuni zilizotolewa mwaka 2015 na jumuiya mbili za kitaalamu za Marekani, ambazo sasa zinatumika karibu kila mahali, kila badiliko huwekwa kwenye moja ya madaraja matano: linalodhuru, linaloelekea kudhuru, lisilojulikana maana yake, linaloelekea kutodhuru, lisilodhuru. Ushahidi wa aina nyingi hupimwa, lakini mmoja una nguvu ya pekee ya kuliondolea badiliko tuhuma. Watu wengi wazima wakiwa nalo, haliwezi kuwa chanzo cha ugonjwa mkali ulio adimu.

Mwaka 2016 Arjun Manrai na wenzake walichapisha kisa kinachopaswa kukaririwa na kila anayeingia katika fani hii. Wagonjwa kadhaa nchini Marekani, wote wenye asili ya Afrika au wasiotajwa asili yao, walikuwa wameambiwa wana badiliko linalosababisha ugonjwa wa kurithi wa kunenepa kwa misuli ya moyo. Baadaye ikabainika kuwa mabadiliko hayo ni ya kawaida miongoni mwa Wamarekani weusi na hayadhuru. Fikiria familia iliyoambiwa kwamba moyo wa mtoto unaweza kusimama uwanjani, ikamkataza mpira, ikawapima ndugu zake wote, na chanzo halisi cha ugonjwa kikaacha kutafutwa. Watafiti hao walionyesha kwamba kosa lingezuilika kama watu weusi wazima, hata idadi ndogo tu, wangekuwamo kwenye kundi la kulinganishia. Wagonjwa walikuwepo, mashine zilikuwepo, wataalamu walikuwepo. Waliokosekana ni wazima.

Hilo ndilo jambo ninalotaka ulichukue kutoka katika utangulizi huu, hata ukiyaacha mengine. Tunapozungumzia kuboresha utambuzi wa magonjwa ya kurithi, wengi hufikiria mashine yenye kasi zaidi au programu yenye akili zaidi. Mtoto wa Pande atatambuliwa vizuri zaidi siku jirani zake wasio na ugonjwa wowote watakapokuwa wamehesabiwa. Mradi mashuhuri wa Jenomu 1000, uliokamilika mwaka 2015 ukiwa na watu 2,504 wa jamii 26, ulichukua Afrika Mashariki jamii moja tu, Waluhya wa Webuye nchini Kenya. Mwaka 2020 watafiti wa mtandao wa H3Africa walisoma jenomu za Waafrika 426 kutoka makundi 50 ya lugha, wakakuta tofauti zaidi ya milioni tatu ambazo hazikuwahi kuandikwa popote. Kila moja ya hizo, ikikutwa peke yake ndani ya mgonjwa, ingeweza kutuhumiwa kwa kuwa ngeni tu.

Na pwani hii ina jambo lake. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha kazi ya Esther Brielle, Chapurukha Kusimba, David Reich na wenzao, waliosoma vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya miaka ya 1250 na 1800 hivi, wengi wao katika miji ya kale ya pwani, ikiwemo Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Kwa wengi wa watu hao wa pwani, zaidi ya nusu ya vinasaba ilitoka kwa wahenga wa Kiafrika, hasa wanawake. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Asia, zaidi kwa wanaume wa Uajemi na kidogo India, na mchanganyiko huo ulianza kufikia mwaka 1000. Baada ya mwaka 1500 hivi, asili ya Uarabuni ikaongezeka. Wanahistoria wameipokea kazi hiyo kwa sababu zao, nao wana mengi ya kubishana kuhusu Washirazi na simulizi za Kilwa. Sisi tuna sababu nyingine. Kromosomu moja ya mtu wa pwani inaweza kuwa na urefu fulani uliotoka Afrika, ukafuatwa na mwingine uliotoka Uajemi. Badiliko likikutwa kwenye urefu wa pili, kuuliza linaonekana kwa Waafrika wangapi ni kuuliza mahali pasipohusika. Uchambuzi mzuri hubaini kwanza asili ya kila sehemu, ndipo ulinganishe. Wala usiibandike familia asili kwa kutazama sura au jina la ukoo. Acha vinasaba vyenyewe viseme, sehemu kwa sehemu.

Waliolala Songo Mnara wamesomwa. Walio hai ng'ambo yao wanastahili kusomwa kwa uangalifu ule ule, na kwa faida yao wenyewe.

Ndoa za watoto wa mjomba na shangazi, ambazo kwenye familia nyingi za pwani ni za heshima, zinahitaji lugha yenye adabu. Wazazi wengi walio ndugu huzaa watoto wazima. Kwa mchambuzi, undugu huo ni msaada mkubwa: mtoto wao huwa na sehemu ndefu za jenomu ambapo nakala ya baba na ya mama zinalingana kabisa, na ugonjwa unaohitaji nakala mbili zenye kasoro ile ile hutafutwa kwanza humo. Msako wa jenomu nzima unakuwa wa sehemu ndogo. Ukimuuliza mzazi kuhusu undugu, mweleze kwamba unauliza ili upate jibu haraka. Aibu haina nafasi hapo.

Kuna mengine ya kuamua kabla sindano haijaingia. Ukimsoma mtoto pamoja na wazazi wake wote wawili, uwezo wa kupata jibu huongezeka sana, lakini unaweza pia kugundua kwamba baba aliyekuja naye siye aliyemzaa. Utafanyaje? Jibu lisisubiri siku hiyo. Liandikwe kwenye fomu ya ridhaa, lisomwe kwa sauti, kwa Kiswahili ambacho bibi wa Pande anakielewa, na wenye damu wakubali au wakatae. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na utazisoma zote mbili kabla ya kugusa sampuli. Lakini fikiria pia mambo ambayo fomu haitakukumbusha. Katika nchi ambako watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa, orodha ya familia zinazobeba upungufu wa OCA2, ikiwa na majina na vijiji, inaweza kuwa silaha mikononi mwa mtu mbaya. Anayeitunza orodha hiyo ana dhima ya uhai wa watu.

Ndiyo maana nawakaribisha wengi. Muuguzi anayejua kuongea na bibi anahitajika. Mwanahisabati anahitajika, kwa kuwa hukumu ya badiliko ni hesabu ya uwezekano. Fundi wa kompyuta, mwanahistoria wa pwani, na kijana wa Lindi anayejua kwamba barabara ya kusini inaweza kukatika kwa mafuriko pale Somanga, kama ilivyotokea mwaka 2024, na kwamba sampuli inayotegemea barafu peke yake haitafika, wote wana kazi. Watafiti wa Kinshasa na wa Afrika Kusini wameshaanza kuchunguza vinasaba vya watoto wenye kasoro za ukuaji. Hatuanzi peke yetu.

Wagonjwa wengi hawatapata jibu mara ya kwanza, hata kazi ikifanywa vizuri. Nchini Uingereza na Ireland, familia 1,133 za watoto wenye kasoro za ukuaji zilisomewa sehemu za jenomu zinazotengeneza protini, na asilimia 27 zikapata utambuzi. Miaka michache baadaye data zile zile, bila kuchukua damu mpya, zilichambuliwa tena kwa maarifa mapya na programu bora, na kiwango kikafika asilimia 40, kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2018. Kwa hiyo faili la mtoto wa Pande lisilo na jibu lisifungwe moja kwa moja. Liandikwe tarehe ya kufunguliwa tena, wadhifa wa atakayelifungua, na namna ya kumpata mzazi akiwa amehama kwenda kwenye dago la uvuvi au shamba la ufuta, na nakala ya maelezo hayo ibaki zahanati alikoanzia.